Ayubu na Maziwa ya Mama Minza

Kimea cha ulezi kina harufu yake. Ulezi ukilowekwa, ukafunikwa kwa magunia mpaka ukachipua, kisha ukaanikwa juani, hutoa harufu tamu yenye udongo ndani yake, na harufu hiyo huingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mto wa kulalia. Mwaka niliokuwa kidato cha kwanza, nyumba yetu kijijini Mpui ilinuka hivyo kwa muda mrefu, kwa sababu tulikuwa tunaandaa pombe ya kumaliza msiba wa mdogo wangu Fideli. Mahindi yalikuwa yamevunwa, upepo wa kipupwe ulikuwa unapita juu ya mashamba matupu bila kitu cha kuuzuia, na watu walikuwa na nafasi ya kukaa na kuzungumza. Wangekuwa na kazi nyingi zaidi, labda yote yaliyofuata yasingetokea.

Fideli alikufa wakati wa masika. Aliamka na homa, akashinda amelala, na kabla Baba hajapata pikipiki ya kumpeleka hospitali ya mjini, alikuwa ameshaanza kukakamaa mwili. Hakurudi. Siku moja kabla ya homa hiyo alikuwa amekunywa maziwa mgando aliyopewa na Mama Minza, jirani yetu. Watu wa nyumba hiyo walikuwa Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao kutoka huko kwao na kupewa eneo ng'ambo ya kijito. Binti yao Minza nilisoma naye darasa moja shule ya msingi, na mama yake alikuwa mkarimu kiasi kwamba hukuweza kupita kwake bila kuwekewa kitu mkononi. Baada ya mazishi ukarimu huo ulianza kutazamwa kwa jicho jingine. Kwa nini anagawa maziwa bure? Kwa nini alimpa Fideli na si mtoto mwingine? Hakuna aliyeyasema hayo kwa sauti. Yalisemwa kisimani, yakakatika mtu mwingine alipokaribia, na mimi niliyekuwa nakaribia na ndoo yangu niliyajua kwa jinsi yalivyokatika.

Shangazi yangu Skola, dada mkubwa wa Baba, alikuja kutoka Kaoze kwa ajili ya msiba na hakurudi kwake. Alikuwa amewahi kuzika watoto wawili, na kila kifo kwake kilikuwa na mtu aliyekileta. Usiku wa matanga alimwambia Baba kwamba waitwe lambalamba, wale waganga wanaokwenda kijiji hadi kijiji kuwafichua wachawi. Nilikuwa nimewahi kuona mama mmoja aliyefichuliwa na watu hao. Walimnyoa nywele mbele ya umati, na mwezi uleule nyumba yake ikachomwa. Baba alisema tusubiri.

Aliyetufanya tusubiri alikuwa Mwalimu Gaudensi, katekista wetu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kahawia la jua na mvua. Kila Jumatano jioni alikuja nyumbani na Biblia yake, akatusomea Ayubu. Alitusomea jinsi mtu yule alivyopoteza ng'ombe, ngamia, watumishi na watoto wake wote. Kisha alifunga kitabu, akasema maneno yaleyale kila mara: "Ayubu hakumtafuta mchawi. Na Ayubu alikuwa mtu kama sisi, alikuwa na boma, alikuwa na watoto. Aliishi kweli." Hayo ya mwisho aliyakazia huku akimtazama shangazi. Mama alikaa kwenye mkeka mikono ikiwa imelala mapajani, na sikuweza kujua kama anasikiliza.

Mimi nilisikiliza mno. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha visasili, akatoa mfano wa kwetu: mtu wa kwanza wa Ufipa, aliyedondoka kutoka mbinguni. Alisema hicho ni kisasili, watu wa kale walijitungia ili kueleza walikotoka. Nikanyoosha mkono nikauliza kama Adamu naye ni kisasili. Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alitazama dirishani, akasema, "Hilo kamuulize padri," akafuta ubao kabla ya wakati. Tangu siku hiyo nilianza kuwashuku wakubwa wote. Nilihisi kuna jambo wanalolijua, wamekubaliana wasituambie, na kila anayeulizwa anakuelekeza kwa mwingine. Mwalimu Gaudensi aliposema "aliishi kweli", nilijiuliza kwa nini hasemi hivyo tunaposoma habari za Petro au Paulo. Mtu hakazii kitu ambacho hakuna anayekibishia.

Wakati wa likizo alikuja padri kijana kusaidia parokiani. Baada ya misa ya Jumapili nilimsubiri nje ya sakristia, chumba anamovulia mavazi ya misa, na alipotoka nikamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Akaitikia vizuri, akaniuliza jina. Nikamuuliza swali langu moja kwa moja: Ayubu aliishi au hakuishi? Alifurahi sana, nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza kitu kama hicho tangu afike.

"Yustina, wasomi wengi wa Maandiko wanaona Ayubu hakuwa mtu wa historia," alisema. "Ni hadithi iliyotungwa kufundisha. Lakini hilo haliondoi ukweli uliomo, kwa sababu..."

Sikuusikia mwendelezo. Nyuma yangu mtu alivuta pumzi kwa nguvu. Nilipogeuka nikamwona Shangazi Skola, ameshika rozari aliyotaka ibarikiwe. Hakuitoa ibarikiwe. Aligeuka, akaondoka haraka kuelekea nyumbani, kanga yake ikiburuzika vumbini.

Siku ya pombe ilifika. Ua wetu ulijaa watu, mitungi ikapangwa kivulini, wazee wakapewa mirija yao ya kunywea. Mama Minza alikuja na mumewe, wakaketi pembeni karibu na zizi la mbuzi, na nikaona jinsi watu walivyosogea ili kuwaachia nafasi kubwa kuliko waliyohitaji. Hakuna aliyewapelekea pombe mpaka Baba alipokwenda mwenyewe. Minza hakuja.

Mwalimu Gaudensi alisimama kusali, na kama kawaida yake akamtaja Ayubu. Ndipo shangazi aliposimama naye.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Huyo Ayubu aliishi?"

"Aliishi."

"Padri amesema hakuishi. Nimemsikia kwa masikio yangu, na mtoto huyu alikuwepo. Amesema ni hadithi."

Watu wote walinigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Niliona mkono wa Mwalimu Gaudensi ukitafuta kifungo cha koti na kukikosa. Angeweza kusema padri amekosea, na wengi wangemwamini, maana padri alikuwa mgeni na yeye ndiye aliyetubatizia wadogo zetu waliokuwa mahututi. Lakini alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliotuponza.

"Sijui," alisema mwishowe. "Mimi nilifundishwa kwamba aliishi."

Manung'uniko yakapanda. "Mnaona?" shangazi alisema, sauti yake ikitetemeka, na hata leo siwezi kusema kama ilikuwa hasira au uchungu wa watoto wake mwenyewe. "Miezi yote hii tunanyamazishwa na mtu ambaye hakuwepo. Sasa tuzungumze habari ya maziwa. Waitwe wenye kazi yao waje watuambie." Sauti kadhaa zikaitikia waitwe, waitwe. Mume wa Mama Minza alikuwa ameshasimama na kumshika mkewe mkono.

Mama yangu alitokea jikoni. Alikuwa hajazungumza mbele za watu tangu mazishi, na sauti yake ilitoka kavu.

"Wifi, kaa," alisema. "Sijui habari za Ayubu. Fideli aliishi. Alikuja na bakuli la maziwa hayo hapa nyumbani, akashindwa kuyamaliza, mimi nikayamalizia. Bakuli lilelile. Kama yalikuwa na kitu, mbona niko hai?"

Shangazi akauliza polepole, "Mbona hukusema siku zote hizo?"

Mama alimtazama Mama Minza, si shangazi. "Kwa sababu nilitaka awepo mtu," alisema. "Nilitaka niwe na mtu wa kumchukia. Mama Minza, nisamehe." Kisha akarudi jikoni, na tukamsikia akilia kwa mara ya kwanza.

Lambalamba hawakuitwa. Shangazi alirudi Kaoze wiki hiyo. Ningependa kusema kwamba mambo yalikuwa mazuri baada ya hapo, lakini watu waliendelea kukatisha mazungumzo kisimani, na wapo walionong'ona kwamba mama yangu naye amelishwa kitu ndiyo maana anamtetea Msukuma. Kabla ya mvua za kwanza familia ya Minza iliswaga ng'ombe wake ikaondoka. Mama alikwenda kuwaaga, akakuta majivu ya moto tu. Mwalimu Gaudensi aliendelea kutusomea Biblia Jumatano, lakini hakusoma tena Ayubu, na hakusema tena kwamba fulani aliishi kweli.

Siku hizi nakaa Mazwi, mjini Sumbawanga. Mabishano ambayo enzi zetu yalisimamisha kijiji kizima, leo nayasikia kijiweni kwa vijana wa bodaboda wakisubiri abiria: Nuhu alikuwepo, hakuwepo, mshikaji leta ushahidi. Kila mmoja ana simu mkononi na kila simu ina msomi wake. Nawasikiliza, na sina imani na upande wowote. Anayesema aliishi, natazama anataka kumnyamazisha nani. Anayesema hakuishi, natazama akishashinda atamgeukia nani. Najua swali lenyewe ni halali. Nililiuliza mimi, na padri alinijibu kwa haki, na kama angepewa nafasi ya kumaliza sentensi yake, huenda angenisaidia. Lakini nililiona likitembea kutoka mlango wa sakristia hadi uani kwetu, na lilipofika halikuwa tena swali.

Juzi mwanangu, aliye kidato cha tatu, aliinua macho kutoka kwenye simu yake tukiwa mezani. "Mama, kumbe Ayubu hakuwahi kuwepo?"

"Nani anasema?" niliuliza. "Na anataka nini?"

Alinishangaa. "Hataki kitu, Mama. Ni mjadala tu."

Akaendelea kula, akaomba aongezewe mboga. Nilimwongezea, nikabaki nikimtazama usoni kwa muda mrefu, nikitamani kuamini kwamba kweli ni mjadala tu.