Mbegu za Kibuyu cha Mayu

Mimi nina mkono wa kuotesha, na sioni aibu kulisema. Muulizeni mama mkwe wangu hapa Ngulyati.

Kibuyu chake cha kusukia maziwa kilikanyagwa na ndama kikapasuka. Mbegu yake ilitoka kwa mama yake mzazi, na chache zilizobaki alizihifadhi kwenye pindo la khanga. Mvua zilipoanza akazifungua zote, akanipa. Nikazipanda kando ya uzio wa minyaa. Kuku, washenzi wale, wakafukua, ukabaki mche mmoja tu. Huo usipozaa, basi, mbegu ya bibi imekwisha.

Shemeji yangu, anayefanya kazi Bariadi mjini, akaja na dumu la plastiki. "Mayu, sukia humu. Mambo ya vibuyu yameshapitwa." Mayu, maana ndivyo tunavyomwita mama, akashukuru, akalifanya dumu la maji.

Mmea ukapanda minyaa, ukachanua, lakini vibuyu vichanga vikawa vinasinyaa na kudondoka. Mayu akaacha hata kuutazama, na mimi roho ikaniuma. Majirani wakasema kuna mtu kavinyooshea kidole. Huku kwetu kibuyu kichanga hakinyooshewi kidole, kitaoza. Ukitaka kukionyesha unakunja ngumi. Sawa, nikakunja ngumi, ila macho sikufumba.

Ndipo nikaona. Maua yale meupe hufunguka jua likizama, nyuki wamesharudi kwao, na asubuhi yamenyauka. Mengine yana kikonyo kirefu tu. Mengine yamekalia kibuyu kidogo kama kidole gumba, chenye vinyweleo laini. Jamani! Nilicheka peke yangu pale uani. Kumbe haya yanasubiri unga wa yale, na wa kuuleta hayupo. Labda dawa ya pamba ilikuwa imewamaliza nondo, wale vipepeo wa usiku. Nikachuma ua la kikonyo kirefu, nikalipakaza taratibu ndani ya lenzake.

Kikashika! Kikanenepa mpaka nikakibeba kwa kitambaa nilichofunga kwenye minyaa, kisije kikakatika. Shemeji alipokuja akanyoosha kidole, "Hiki ndicho..."

"Kunja mkono, wewe!" Mimi na Mayu tulipiga kelele pamoja. Akaukunja haraka, mtu mzima na suruali yake ya ofisini.

Kilipokauka, Mayu akakitikisa karibu na sikio, akatabasamu. Akakikata mdomo, akamwaga mbegu kwenye ungo. Nilijua atazifunga kwenye khanga yake kama zamani. Hapana. Alivuta pindo la khanga yangu mimi, akazifunga humo, akakaza fundo.

"Sasa wewe ndiye wa kuombwa mbegu," akasema.

Nilitembea uani siku ile kifua mbele, sikumjali mtu. Na wa kwanza kuja kuniomba alikuwa shemeji.