Bibi, Binti wa Liwali wa Kampuni

Mwaka sitini na moja, nna miaka tisa, baba alifariki kwetu Unguja na shida ikaingia ndani. Skuli niliachia darasa la tatu. Sioni haya kusema. Haya nnayaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya.

Wajukuu zangu hapa Maskati wanapenda kujisifu kwa wenzao kuwa wao ni kizazi cha liwali. Juzi mmoja kaniuliza liwali huyo alikuwa nani hasa. Basi na wewe sikiliza.

Alikuwa baba wa bibi yangu mzaa baba. Zama hizo mwambao wa bara ulitawaliwa na kampuni ya biashara ya Wazungu. Alianza kwenye kampuni hiyo na ukarani wa forodha, akiandika hesabu ya pembe za ndovu. Wakampandisha mudiri wa vijiji, halafu liwali wa mji, na joho na askari wawili. Kampuni ilipoondoka serikali ikachukua mji, yeye ikamwacha kitini pake. Bibi alitusimulia haya kila Ijumaa baada ya pilau. Baba alipokufa aliendelea kusimulia, pilau haipo.

Mama akasema atauza vitumbua mlangoni. Bibi akawaka.

"Nyumba ya liwali iuze vitumbua njiani? Watatucheka mpaka kiyama!"

Mama hakuinua hata uso kwenye kinu. "Mama, kampuni ya biashara si duka? Marehemu liwali alikuwa mtumishi wa duka, tena la watu. Hili letu."

Siku tatu bibi hakutoka kitandani. Nilitwanga mchele mpaka viganja vikatoka malengelenge, harufu ya iliki na nazi imejaa ukumbini, yeye kageukia ukutani.

Asubuhi ya nne wachukuzi wa bandarini walijaa mlangoni, kila mmoja anasema yeye wa kwanza, wanasukumana mpaka bakuli la unga likataka kupinduka. Lingepinduka, siku ile hatuli. Hapo bibi akatoka, buibui mwilini, bakora mkononi.

"Kaeni chini! Nani katangulia?"

"Mimi, bibi!"

"Shahidi wako nani?"

Yule bwana akageuka huku na huku kumtafuta. Jirani yetu, fundi cherehani, akaangua kicheko: "Leo liwali kafufuka!"

"Na wewe mcheshi, nyuma kabisa."

Wakakaa foleni, wanaume wazima, kama watoto wa chuo cha Kurani. Tangu siku ile bibi alihukumu kesi za vitumbua kila asubuhi mpaka alipokufa, na sisi tukala.

Nyumba ile haipo tena, na mlio wa kinu wajukuu zangu hawaujui. Mimi nilikuja huku kijana, mikono mitupu, nikaanza na vitumbua vile vile. Walionicheka, niliwauzia.

Leo nna nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Hail. Jiko la kupikia harusi, na wapishi tisa. Magari mawili ya kupeleka chakula. Mkahawa mmoja Al Khuwair. Na kiwanja Barka, hakijajengwa. Nitakijenga.