Fimbo Zilizopakwa Rangi ya Mashua

Hapa Kengeja, Pemba, hakuna asiyemjua Jaribu, na wengi wanamjua kwa rangi. Zamani mashua ikiingia pwani, nyekundu juu, nyeupe chini, mkanda wa kijani umepita katikati bila kuyumba hata chembe, hukuwa na haja ya kuuliza nani kaipaka. Mkono wake ulitulia, ulimi wake haukutulia. Mwenye mashua akija na habari za kutaka rangi moja tupu mwanzo mwisho, Jaribu alimrudishia brashi yake. "Kapake mwenyewe, yakhe. Miye sipaki jeneza."

Basi msimu mmoja wa karafuu akaanguka mtini. Hakuwa juu sana, lakini aliangukia mguu, na mguu ukavunjika mahali pawili. Hospitali walimtia chuma, na tangu siku hiyo goti la kulia halikunjiki. Sasa niambie, fundi wa mashua asiyeweza kuchuchumaa atapaka nini? Ubavu wa juu, wa chini amwachie nani? Alikaa miaka miwili barazani anagombana na kuku, na Mwanapili, mkewe, akawa anasuka mikeka ya kuwalisha wote wawili. Mwanapili hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuumiza Jaribu. Aliniapia kwamba mguu ulimuuma miezi sita tu, lakini mikeka ya mkewe ilimuuma miaka miwili mizima.

Halafu ikaja hoteli. Wakakata vichaka juu ya pwani, wakajenga vibanda vya makuti, na pale palipokuwa na shamba la muhogo wakapanda majani ya kizungu, wakachimba mashimo sita madogo, wakachomeka bendera. Uwanja wa gofu huo. Meneja alikuwa kijana wa Unguja, Ashraf, mwenye adabu na wasiwasi mwingi, na alitafuta mtu wa kukaa stoo: apokee fimbo, azifute, awape wageni, wakirudi azihesabu. Mtu wa kukaa! Jaribu alirudi nyumbani siku hiyo anachechemea mbio, akaanza kupiga kelele tangu njiani. "Mwanapili! Wanataka mtu akae! Na kukaa ndiyo kazi ninayoiweza duniani!"

Mwaka na nusu alikaa, na wala hakulala kazini. Fimbo alizijua moja moja. Kwa asiyejua, fimbo ya gofu ni mpini mrefu mwembamba, na chini yake kuna kichwa cha chuma cha kupigia kipira. Na chuma ukikiweka Pemba, upepo wa bahari unakila. Jaribu alifuta asubuhi, jioni kutu imerudi. Alipaka mafuta, wageni wakalalamika kwamba zinateleza na kuwachafua.

Siku moja Ashraf alikuwa anakwenda Unguja kwa wiki nzima, ana haraka, simu iko sikioni. Kundi kubwa la wacheza gofu kutoka Dar lingekuja Ijumaa, na nahodha wao, Mzee Nassor, alikuwa ameahidi kwamba wakipapenda watarudi kila mwaka. Ashraf akachungulia stoo, akaokota fimbo moja, akaona wekundu wa kutu. "Mzee Jaribu, nikirudi sitaki kuona kutu. Hata tone."

Basi. Ndivyo alivyosema, na mashahidi wapo. Na mtu wa pwani ukimwambia hutaki kuona kutu, atafanya nini? Nanga ikishika kutu, unaikwangua, unaipiga msasa, unaipaka rangi mikono miwili. Jaribu alikwenda nyumbani akavuta uvunguni makopo yake ya rangi ya mafuta, akayatikisa, akasikia bado yamo hai. Alikaa na fimbo zile siku tano. Seti moja akaipaka manjano, moja buluu, moja nyekundu, moja kijani, na kila kichwa akakizungusha mkanda mwembamba kama wa mashua za Kengeja, safari hii mweupe. Miaka mitatu na nusu alikuwa hajashika brashi. Aliimba, akachelewa kula, akarudi nyumbani ana buluu masikioni. Mwanapili alimwangalia akacheka, akamwambia leo umerudi mume wangu mwenyewe.

Alhamisi Ashraf akarejea. Akaingia stoo, akaokota fimbo moja, akaigeuza.

"Kutu imekwisha, bwana," Jaribu akamwambia, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Nini hiki?"

"Rangi."

"Naona ni rangi! Mzee Jaribu, hizi ni fimbo za gofu! Watu wazima, mawakili, madaktari, niwape vitu vya rangi ya pipi? Itoe rangi hii. Itoe leo hii."

"Hii rangi ya mashua, bwana. Inakaa baharini miaka mitatu haibanduki. Leo haitoki."

Ashraf alikaa juu ya ndoo, akashika kichwa. Alipoinua uso alikuwa hana hasira tena, ana woga, na mtu mwenye woga ndiye mbaya zaidi. Alisema wageni wana fimbo zao wenyewe, wanakuja nazo, kwa hiyo hizi zifungiwe zisionekane. "Lakini n'kwambie kweli, mzee wangu. Akizilalamikia mgeni hata mmoja, Jumapili ndiyo mwisho wako hapa. Kazi si yangu peke yangu, na mimi nina wakubwa zangu."

Jaribu alirudi nyumbani taratibu. Alimweleza mkewe yote, hakuficha. Mwanapili akavuta fungu la ukili lililokuwa pembeni akaliweka karibu yake. "Basi nitaongeza mikeka," akasema. Alisema kwa wema, masikini, lakini Jaribu aliondoka akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka uso ulipokauka.

Ijumaa wageni wakashuka, kumi na mmoja, mikono mitupu. Kumbe ile ndege ndogo imekataa mifuko yao! Rubani kapima, kasema ama watu ama mafimbo. Mifuko ingekuja kwa boti kesho yake mchana. Nao wamekuja kucheza, jua ndilo hilo, majani yamekatwa, wanasugua mikono. "Hoteli si ina fimbo?" akauliza Mzee Nassor. Ashraf alimeza mate. Akamwambia Jaribu afungue stoo.

Loh! Kicheko kilichotoka pale, kunguru waliruka. Mmoja akauliza kama ni sikukuu ya watoto. Mwengine akaishika ile nyekundu kwa vidole viwili akasema mkewe jikoni ana mwiko wa rangi hiyo. Mzee Nassor hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mstaafu wa forodha, na watu wake walimwangalia yeye kabla ya kusema lolote. "Nimecheza gofu miaka thelathini na tano," akasema. "Fimbo ni nyeusi au ni ya rangi ya chuma. Hizi zinapiga kelele kabla hujapiga kipira." Kisha akaigeuza ile ya manjano, akaitazama usoni, pale panapogusa kipira. "Na huku pia kapaka! Nani kafanya hivi? Uso wa fimbo una mifereji, ndiyo inayoshika kipira. Huyu kaijaza rangi yote."

Ashraf akamtazama Jaribu.

Lakini fundi ni fundi. Maneno ya sikukuu ya watoto yalimchoma. Hili la mifereji lilimfahamisha. Mashua unaipaka nzima, huachi hata pa kuweka kidole, na yeye fimbo kaifanya mashua. Akajitokeza na mguu wake. "Nimefanya mimi, mzee. Hilo la usoni kosa langu, nakubali. Sikujua. Nipeni saa moja, kunyweni chai."

Wakaenda kunywa chai, na Jaribu akakaa na kisu kidogo na msasa, anachokoa mfereji mmoja mmoja, jasho linamdondokea puani. Zilipokwisha, vichwa vilikuwa vya rangi na nyuso za chuma tupu, zinang'aa. Hata Ashraf aliyekuja kuharakisha alisimama akaangalia kidogo, akaondoka taratibu.

Walipokuja kuchagua, wakishirikiana watatu wanne kwa seti, walikimbilia buluu kwanza, maana buluu angalau ina heshima. Kisha kijani. Nyekundu ikaenda shingo upande. Ya manjano hakuna aliyeigusa, ikamwangukia aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni, Bi Rahila, daktari wa meno, mwanamke mnene mcheshi ambaye kwa ukiri wake mwenyewe hajawahi kushinda hata bahati nasibu. "Haya, nipe ndizi yangu hiyo," akasema.

Bi Rahila akasimama, akainua fimbo ya manjano, akapiga. Kipira kikaenda. Kikaenda! Kikapita kichaka, kikapita pale vilipoanguka vya wote waliomtangulia, kikatua hatua tatu kutoka bendera. Bi Rahila mwenyewe aligeuka nyuma kuangalia nani kapiga. Shimo la pili vilevile, la tatu vilevile. Mpaka jua linainama alikuwa amewafunga wote kumi, pamoja na nahodha.

Na hapo ndipo uwajue binadamu. Yule wa sikukuu ya watoto akasema kwa sauti kwamba manjano kwa kweli inaonekana vizuri juu ya majani, jicho halipotei. Yule wa mwiko wa mkewe akaeleza, bila kuulizwa, kwamba yeye siku zote amependa vitu vyenye rangi. Mmoja alikwenda mbali zaidi akasema nje huko mambo ndiyo haya sasa, nyeusi ni ya kizamani. Vinywa ni vilevile vya asubuhi, wallahi, hata chai haijakauka! Jaribu aliyasikia yote kutoka dirishani akataka kucheka, lakini kicheko kilikwama, kwa sababu Mzee Nassor hakuwa amesema neno. Alirudisha fimbo yake ya buluu, akaitikia salamu, akaenda zake. Na aliyekuwa na neno la kumfukuzisha kazi ni yeye.

Jumamosi mchana boti ikaleta mifuko. Ashraf akashusha pumzi. "Sasa kila mtu na chake. Hizo zirudishe ndani." Jaribu hajamaliza kuzifunga, wakaanza kugonga mlango. Wa kwanza anataka ya manjano. Wa pili anataka ya manjano. Bi Rahila akaja akaikumbatia, akasema ya kwake hapewi mtu, na wakabishana pale, watu wenye ndevu nyeupe, kama watoto wa chuo cha Kurani wanaogombea ubao. Wengine wakaridhika na nyekundu. Mzee Nassor peke yake alitoka na mfuko wake wa ngozi, fimbo nyeusi tii, za fahari.

Akafungwa tena.

Baada ya sala ya alasiri Jaribu alimwona anakuja stoo, mfuko begani, uso umekunjwa, na Ashraf nyuma yake anahangaika, midomo imekauka. Jaribu alishika ukingo wa meza asimame vizuri. Alijisemea kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa wima.

"Wewe ndiye uliyepaka?"

"Ni mimi, mzee."

Mzee Nassor akachomoa fimbo moja nyeusi, ile kubwa kuliko zote, akailaza juu ya meza. Akatazama nje kama kuna anayewasikiliza. "Rangi imebaki?"

Jaribu hakuelewa mara moja. "Ipo. Manjano imekwisha. Nyekundu ipo kidogo, na buluu."

"Nyekundu basi. Usoni usiguse. Na ule mkanda mweupe usinisahau."

Na Jaribu, ulimi wake ule wa zamani, si ukamponyoka! "Mzee, si ulisema zinapiga kelele?"

Ashraf akafumba macho. Lakini mzee alicheka, kicheko kikavu kilichomtoka kwa kukohoa. "Nilisema jana, yakhe. Jana nilikuwa bado sijafungwa mara mbili na mng'oa meno." Akamgeukia meneja. "Bwana Ashraf, tukija mwakani tunamtaka huyu. Na watu wangu tisa wanataka za kwao zipakwe kabla hatujaondoka, wananitumia mimi kwa sababu wanaona haya."

Alipotoka, Ashraf alibaki mlangoni anajikuna shingo. Samahani hakuisema, vijana wenye vyeo hawaisemi. Alisema, "Mzee Jaribu, andika rangi unazotaka, n'takuagizia mjini Chake Chake. Na Jumatatu uje mapema, kuna kazi nyingi."

Jumatatu! Jaribu aliipaka nyekundu fimbo ya Mzee Nassor, akaiacha ikauke. Mkanda angeupaka asubuhi ya Jumapili.

Jioni ile ya Jumamosi alifika nyumbani Mwanapili yuko barazani, ukili mapajani. Alipomwona mumewe anakuja na macho mekundu, aliweka kazi chini. "Wamekufukuza." Jaribu akakaa kwenye ngazi na mguu wake umenyooka mbele, akalia waziwazi mbele ya majirani. Mwanapili akamshika bega. "Basi, mume wangu, basi. Tumeishi, tutaishi. Mikono yangu ipo." Jaribu akatikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka sauti ilipopatikana.

"Hawakunifukuza. Jumatatu nakwenda kazini. Wamesema niende mapema."

Mwanapili akaokota fungu la ukili akampiga nalo mgongoni. "Sasa unalilia nini, mzee weye? Umenikata maini!" Akampiga tena, akakaa ngazini ubavuni mwake, akaanza kulia yeye.