Nani Atamvuta Astamaya

Kwao Patan, kule Nepal, mzee akitimiza miaka sabini na saba na ushei hupandishwa kigari cha mbao, wanawe wa kiume wakamvuta mtaani kwa kamba, naye akishuka huhesabiwa kuwa mungu. Astamaya aliukaribia umri huo, ila hakujaliwa watoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, Nanichhori, mshonaji mwenye mdomo, na ukoo wao ulishatawanyika tangu tetemeko libomoe nyumba.

"Nitavutwa na nani, na kuku?" mama alisema. "Niache nife mtu wa kawaida."

Nanichhori hakukubali ng'o. Karakana ya mtaa, ambako watu hutumia mashine kwa pamoja, ilikuwa ikiandaa sikukuu yake, na yeye alipewa kazi ya mapishi na kualika watu. Akawaomba mafundi watengeneze kigari. Wakachonga, wakapaka rangi. Tena, kwa kumhurumia mzee asiye na wavutaji, wakakitia mota.

Siku ilipofika, fundi Prajwal alibonyeza kidude, kigari kikajiendesha chenyewe uani. Watu wakashangilia. Astamaya akasonya.

"Toa hicho, we kijana! Mungu gani wa betri? Kama hakuna wa kunivuta, nirudisheni nyumbani."

Prajwal aliona haya, akaing'oa mota. Mama akapandishwa. Nanichhori akaishika kamba peke yake, akavuta. Kigari hakikutikisika. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mara akahisi kamba ikikaza mbele yake. Muuza mboga alikuwa amevua viatu na kuishika. Akafuata Prajwal, wakafuata wasichana wa shule waliokuja kutazama mashine, na hata yule jirani aliyegombana na mama miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyeambiwa. Magurudumu yakalia, kigari kikatoka langoni. Nanichhori aligeuka, akamwona mama yake kule juu, poda nyekundu ya baraka usoni, ametulia, mkubwa kuliko alivyowahi kumwona. Na jana tu walikuwa wakizozana juu ya chumvi!

Mama aliposhushwa, watu walipanga foleni kumwinamia. Zamu ya Nanichhori ilipofika, akaweka paji la uso juu ya miguu ile, akalia, asithubutu kuinua macho. Mkono ukamgusa kichwani.

"We Nanichhori," mungu akanong'ona, "hao wanangu walionivuta, umeshawapakulia?"