Jina Langu Kwenye Kompyuta Yake

Sogea karibu nikueleze, maana jambo hili watu hulisema kwa haraka mno. Wanasema, "Nimepata kompyuta, sasa naandika programu," kana kwamba ukishaitoa kwenye boksi imeshajua kazi. Haijui. Kompyuta mpya ni nyumba iliyokauka rangi juzi: ina milango na madirisha, lakini haina jiko, haina kitanda, haina hata msumari wa kutundikia nguo. Lazima uhamie. Nimewasaidia watu wengi hapa Kampala kuhamia kwenye kompyuta zao, na moyo wangu haukuwahi kuuma mpaka siku ya mdogo wangu.

Si mdogo wangu wa tumbo moja. Mimi ni Mnubi wa Kibuli. Yeye alitoka Bukavu na mama yake, wakapanga chumba Kansanga. Tulikutana kwenye mafunzo ya kompyuta nilikokuwa mwalimu msaidizi. Kiluganda chake kilitosha kununua nyanya tu, kwa hiyo nilimfundisha kwa Kiswahili, changu cha Kampala na chake cha Kongo, tukaelewana. Ananiita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao.

Kisha kampuni moja ya mjini ikatangaza nafasi ya mwandishi wa programu. Tuliomba wote wawili, tukahojiwa wote wawili, akapata yeye. Nilimkumbatia nikasema hongera.

Jumapili asubuhi akanipigia simu. Kampuni imempa kompyuta mpya kabisa. Bosi wake anataka ifikapo jioni awe ametuma badiliko dogo kutoka kwenye kompyuta hiyo, ili ajue iko tayari kwa kazi ya Jumatatu. Na yeye bado yuko kwenye kipindi cha majaribio. Akivuruga hili, watamrudisha nyumbani.

"Yaya, kuja na diski," alisema.

Vifaa vya kazi yetu ni vizito, na bando huisha kabla hujamaliza kuvishusha. Kwa hiyo sisi huku hatushushi, tunanakili. Mmoja akipata mtandao mzuri mahali, anajaza kila kitu kwenye diski ya nje, na diski hiyo inazunguka kwa marafiki. Diski ya kwetu huwa nakaa nayo mimi. Nikaitia mkobani pamoja na kompyuta yangu, nikapanda boda.

Mama yake, anayeuza vitenge katika soko la Owino, alikuwa mlangoni akikunja mzigo.

"Mwalimu amefika!" alisema. "Leo mwanafunzi iko na mashine, mwalimu iko na diski."

"Mama, usichokoze yaya."

"Namchokoza nani? Nasema tu ile macho yangu inaona."

Nilicheka. Nilicheka zaidi ya ilivyohitajika.

Kompyuta ilikuwa juu ya kitanda, imetandikiwa kitenge kama mtoto mchanga. Alikuwa hajabandua ile karatasi laini ya nailoni kwenye mfuniko. Niliuinua kwa kidole kimoja. Wa kwangu unahitaji mikono miwili, na feni ya kompyuta yangu inanguruma kama kinu cha kusagia posho. Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya wa ukutani tu. Hii ya kwake haikutoa sauti yoyote. Niliinama nikaweka sikio.

"Unasikiliza nini?" aliuliza.

"Naangalia kama inafanya kazi."

Tukaanza. Kwanza unaiacha kompyuta ijisasishe, usiikatize. Halafu unaweka programu ya kuandikia msimbo, kisha lugha yenyewe ya programu. Baadaye unaweka Git, ambayo kazi yake ni kukumbuka kila badiliko na nani alilifanya. Mradi wenyewe unakuja mwisho, kwa sababu unavitegemea vyote hivyo. Nilimweleza kila hatua na sababu yake, maana kufundisha siwezi kujizuia, hata nikiwa na kinyongo. Naye akauliza maswali mazuri, ambayo mimi nilipokuwa mwanafunzi sikuyafikiria, na hilo pia liliniuma.

Hatua ambazo kwangu huchukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa, kwake ziliisha nikiwa bado nainua kikombe. Kisha umeme ukakatika. Kompyuta yangu, niliyoifungua pembeni ili niangalizie, ikazima papo hapo. Ya kwake haikujua hata kama kuna jambo.

"Pole, yaya," alisema, na alimaanisha. Afadhali angecheka.

Ilibaki mipangilio: rangi za dirisha, njia za mkato, tabia ndogo ndogo za programu. Mtu akiianza upya inamla siku nzima. Ya kwangu nilikuwa nimeijenga kwa miaka, nami huinakili kwenye diski pamoja na vitu vingine. Nikaihamishia yote kwake. Dirisha likafunguka na ile rangi yangu ya kijani kibichi iliyokolea, herufi zangu, kila kitu mahali pake. Nikaandika mistari kadhaa isiyo na maana ili tu nisikie vitufe vile vilivyo laini.

"Yaya, niachie na mimi," alisema, akinisukuma kwa bega.

Nikampisha. Alisahihisha neno moja lililokosewa kwenye ukurasa wa wateja, akalihifadhi badiliko, akalituma kazini kwa mtandao wa simu. Mama yake akatuletea mandazi. Tulikuwa bado tunatafuna ujumbe ulipoingia. Bosi wake ni Mkenya, na humwandikia kwa Kiswahili. Akausoma kwa sauti:

"Badiliko nimeliona, ni safi. Lakini limeandikwa na mtu mwingine. Huyu si yule tuliyemhoji siku moja na wewe? Kompyuta ya kampuni iko mikononi mwa nani?"

Tuligeukia kioo pamoja. Kando ya badiliko lile, pale Git inapoonyesha mwandishi, lilikuwapo jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Lilikuwa ndani ya mipangilio niliyonakili.

"Yaya, atanifukuza."

"Kumefanyika nini?" mama yake aliuliza.

"Jina ya yaya imeingia kwa kazi yangu."

"Sasa kazi ni ya nani?"

Mimi nilikuwa nalitazama lile jina. Lilikaa vizuri pale, chini ya nembo ya kampuni iliyonikataa, kama lililozoea. Nililitazama mpaka niliposikia mdogo wangu anavuta kamasi.

"Usimwandikie," nilimwambia. "Mpigie. Mwambie ilivyokuwa."

Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Nani aliandika?" bosi aliuliza.

"Mimi mwenyewe. Yaya alinipangia kompyuta tu, tukanakili mipangilio yake."

"Yaya ni nani?"

"Dada yangu. Ndiye yule mlihoji. Ndiye alinifundisha."

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mwambie asante. Halafu toa mipangilio yake, weka yako. Yote, si jina peke yake. Utume tena."

Asante. Niliimeza na kipande cha andazi.

"Andika wewe, yaya, mkono wako ni mwepesi."

"Hapana. Hili uandike mwenyewe."

Nilimtajia amri, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, akalirudia badiliko na kulituma. Kisha akaingia kwenye mipangilio, akaifuta kijani yangu, akachagua nyeupe tupu, nyeupe ya kuumiza macho ambayo mimi nisingekaa nayo hata asubuhi moja. Jibu likaja: "Sasa nakuona. Karibu kazini." Mama yake akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Nilichomoa diski yangu, nikaaga. Sitakudanganya kwamba wivu uliishia Kansanga. Nilirudi nao Kibuli, na hadi leo akinitumia picha ya meza yake ya kazini, naikuza kwanza nione kompyuta.

Basi nawe, mtu akikusaidia kuandaa kompyuta yako mpya, hata awe nani kwako, kabla hujatuma chochote fungua dirisha la amri ndani ya folda ya mradi, andika *git config user.name*, bonyeza Enter, usome jina linalotokea. Likiwa si lako, andika amri ileile tena, na mwishoni mwake uweke jina lako ndani ya alama za kunukuu.