Lete Tena

Miaka ile ya foleni za sabuni, mpira wa kuchezea haukupatikana duka lolote la Musoma. Kila nilipoulizia niliambiwa labda mwezi ujao. Kwa hiyo timu ya netiboli niliyoifundisha katika shule ya msingi huko Mugango ilichezea mpira wa matambara, tuliouzungushia vipande vya nyavu chakavu hadi ukakazana. Ulikuwa mzito na haukudunda. Mfungaji wetu, msichana wa darasa la sita aliyelelewa na bibi yake, aliuzoea mno. Akiinua mikono tu, wenzake walianza kurudi katikati wakijua umeshaingia.

Kisha tukaalikwa Bunda, kwenye uwanja wa Manyamanyama. Wenyeji wakatoa mpira halisi wa ngozi. Mikono ya mfungaji iliyozoea uzito ikaurusha ukapita juu ya pete, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi kipenga cha mwisho. Kila alipokosa, uwanja ulinyamaza.

Tulirudi juu ya magunia ya pamba kwenye lori. Mchezaji wetu wa akiba, msichana mrefu mwenye ulimi mkali, akamgeukia mfungaji.

"Mpira wenyewe umekukataa. Una mkosi, wewe!"

Wengine wakacheka. Mfungaji akageuzia uso kwenye magunia.

Hakuja tena mazoezini. Nikaenda kwao.

"Mwalimu, kama ni mambo ya mpira, muache kwanza," bibi yake alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Huyu alikuwaga anafunga tu. Kuna mtu amemwangalia vibaya. Nitamtafutia dawa."

Sikubishana naye. "Bibi, mtu aliyezoea kunyanyua ndoo iliyojaa maji, ukimpa tupu bila kumwambia, itakuwaje?"

"Itamgonga kidevu!" Akacheka, kisha akaacha. "Hiyo ya ndoo naielewa, mwalimu. Lakini dawa haidhuru."

Alimruhusu arudi. Nikaazima mpira wa ngozi kwa mwalimu mwenzangu wa Kigera, nikawapanga wote warushe, hata walinzi. Wote wakakosa. Wa yule mrefu ulitua kwenye mihogo. Nikaweka sheria moja: anayekosa aseme kwa sauti, "Nimekosa, lete tena." Nilikuwa nimeona kwamba mtoto haogopi sana kukosa, anaogopa ule ukimya unaofuata. Akiujaza mwenyewe kwa maneno yake, unapungua nguvu.

Wengine waliyapokea maneno hayo kama mchezo. Mfungaji aliyasema kwa kunong'ona, siku nyingine hakuyasema kabisa. Alianza kufunga tena, lakini kila alipokosa aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Nililala na wasiwasi kwamba namrudisha kwenye kitu kitakachomvunja zaidi.

Mechi iliyofuata ilikuwa Butiama. Kabla ya kuanza, mwamuzi alikagua kucha na mikono, kama ilivyo desturi ya netiboli. Kwenye kifundo cha mkono wa mfungaji akakuta uzi mweusi wenye fundo.

"Hirizi hii ivuliwe, au asicheze."

Msichana akauficha mkono mgongoni. "Mwalimu, bibi kaifunga asubuhi hii. Nikiivua nitakosa."

Nikachuchumaa mbele yake. "Utakosa, ndiyo. Na ukiivaa utakosa pia. Jana mazoezini ulipofunga, ulikuwa nayo?"

Akatikisa kichwa.

"Nani alifunga, basi?"

Machozi yakamtiririka. Ule uzi ulikuwa mapenzi ya bibi yake. Sikutaka aone namwambia autupe.

Yule mrefu akainuka kwenye benchi. "Nipe nikushikie. Siivai, usiogope. Bibi yako namwogopa kuliko hata mwalimu."

Mfungaji akafungua fundo kwa meno, akampa.

Mpira wake wa kwanza uligonga pete ukatoka. Mwenzake akaudaka. Uwanja ukanyamaza, vile vile kama Manyamanyama. Nikaona mabega yake yakipanda, macho yakishuka kwenye mikono. Nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Hayo maneno hayakuwa yangu kuyasema.

"Nimekosa," akasema kwa kunong'ona. Kisha akainua uso, akanyoosha mikono yote miwili. "Lete tena!"

"Mpeni!" akafoka yule mrefu kutoka kwenye benchi, uzi ameukunja ndani ya ngumi. "Si mmemsikia? Mpeni!"

Wakampa.