Katongo na Kwaya ya Majembe

Mpaka alipofika umri ambao wenzake wengi huwaachia wakwe zao jembe, Katongo hakuwa na shamba lake mwenyewe. Maisha yake yote alilima ya watu. Mvua za kwanza zikianguka Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, alitoka nyumbani kwake Kashikishi alfajiri, jembe begani, akapanda hadi njia panda ya juu ya soko. Hapo alisimama na wanawake wengine wakingoja mwenye shamba apite na baiskeli au pikapu, awanyooshee kidole: "Wewe, wewe, na wewe mwenye kitambaa chekundu."

Karibu wote waliosimama pale walikuwa wanawake. Ukimuuliza mtu wa huku kwa nini, atakugeuza uangalie ziwa. Wanaume wako Mweru wanavua. Vijana waliomaliza shule wako Kitwe na Ndola wanatafuta kazi. Wanaobaki na udongo ni kina mama, na wengi wao wameshaota mvi. Mwenye shamba akitokea, huchagua kwanza wenye mikono minene, na wengine hurudi nyumbani na majembe makavu.

Malipo yalikuwa kwa mstari. Unapandisha matuta ya muhogo kutoka kichuguu hiki hadi mti ule, basi umemaliza mstari mmoja. Lakini utalipwa nini, hiyo ilikuwa juu ya mwenye shamba. Huyu alitoa sabuni, yule chumvi, mwingine chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani. Msimu mmoja Katongo alilima hadi viganja vikachubuka, akalipwa koti la mtoto mchanga. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mabinti zake wawili walikuwa wameolewa Mansa. Mvua ikamkuta njiani, akajifunika lile koti kichwani, akafika kwake akicheka peke yake. Ndivyo alivyo Katongo: mwili mdogo, kicheko kikubwa.

Jumapili alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa lake. Mwaka huu ninaousimulia, kwaya ilialikwa kwenda Mununga wakati wa Pasaka kuimba pamoja na kwaya za pwani yote ya ziwa. Wakafurahi sana, kisha wakakumbuka kwamba hawana nafasi ya kufanya mazoezi. Huyu alikuwa analima upande wa mto, yule ng'ambo ya barabara, mwingine anarudi jua likizama na sauti imekauka.

Walikuwa wameketi nje ya kanisa wakilalamika pale Katongo alipopiga makofi.

"Ba mayo, mama zangu, nisikilizeni. Tunatafuta wapi mahali pa mazoezi? Tulime pamoja, tuimbe huko huko shambani."

"Nani atatuchukua wote?" akauliza Luse, mwanamke mrefu aliyeimba alto. Mumewe, Royd, alikuwa mvuvi.

"Atakayetaka mmoja wetu, atuchukue wote. Asiyetaka wote, asipate hata mmoja."

Wakatazamana. Kisha Luse akaanza kucheka, na wengine wakafuata.

Asubuhi iliyofuata Ba Kalumba alisimamisha pikapu yake njia panda. Ba Kalumba, kama tunavyomwita kwa heshima, alikuwa dereva wa malori miaka mingi huko migodini, na alipostaafu alirudi nyumbani kulima muhogo na karanga. Akateremsha kioo, akaanza kunyoosha kidole.

"Ba tata, mzee wetu, tuko pamoja leo," akasema Katongo. "Ni wote. Bei ya mstari ni moja kwa kila mtu, na ni pesa mkononi. Mchana tunakula bukari, ugali wa kushiba."

"Na huyu bibi?" Alimwonyesha Chalwe, mkubwa kuliko wote.

"Huyo ndiye soprano wetu."

Ba Kalumba alicheka hadi akakohoa, akaondoka. Wanawake wakabaki barabarani wakiangalia vumbi lake. Katongo alianzisha wimbo ili wenzake wasione wasiwasi usoni mwake. Siku hiyo hakuna aliyewachukua, wakaimba pale pale njia panda hadi wauza fritasi, maandazi ya huku, wakaja kusikiliza.

Usiku mvua kubwa ilinyesha, na ardhi ikawa laini kama unga uliokandwa. Hakuna mkulima anayeweza kuiacha ardhi ya namna hiyo ikauke bure. Asubuhi pikapu ya Ba Kalumba ilikuwa njia panda kabla yao.

"Pandeni," akasema bila kuwaangalia. "Wote. Na bibi akae mbele."

Nani angedhani kazi inaweza kwenda namna ile? Wimbo ulishika mwendo, na majembe yakashika wimbo. Aliyechoka alivutwa na sauti ya jirani yake, na Chalwe, ambaye njia panda hakuna mtu aliyekuwa akimchagua, aliongoza mstari wa mbele kwa sauti nyembamba inayopita juu ya miti. Wapita njia walisimamisha baiskeli. Ba Kalumba mwenyewe alileta kiti, akakaa chini ya kivuli cha pikapu yake akitikisa mguu. Jioni aliwalipa pesa mkononi, kila mmoja kama mwenzake, kisha akasema jambo moja tu.

"Kwaya yenu ni nzuri, ba mayo. Lakini haina besi."

Iliwauma kwa sababu ilikuwa kweli. Sauti nzito zote zilikuwa majini.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza, serikali ilifunga uvuvi kama ilivyo kila mwaka, ili samaki wazae. Mitumbwi ikapinduliwa mchangani, na wanaume wakajaa sokoni wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa. Baada ya siku chache vizibo havikupikika. Royd akaja shambani na wenzake, wakasimama pembeni na majembe waliyoazima.

Luse alimwona mumewe, akamwinamia Katongo. "Usiwakubali. Mwanamume akilima mstari analipwa zaidi yetu. Wakiingia hapa, bei yetu itashuka."

Hilo pia lilikuwa kweli, na kila mtu pale alilijua. Katongo alijifuta uso kwa kitenge, akawaendea.

"Kazi ipo," akasema. "Mstari wenu ni kama wetu, na malipo yenu ni kama yetu. Na kila anayelima hapa anaimba. Royd, anza."

"Niimbe hapa? Sasa hivi?"

"Unaona tunafanya nini hapa?"

Royd alifunga macho, akaimba. Ilikuwa kama injini ya boti inayokataa kuwaka. Mkewe alikaa chini kwenye tuta akashika mbavu. Lakini wale wengine walikuwa na sauti, na hata ya Royd, ikiwekwa katikati ya wenzake, ilisaidia.

Wa mwisho katika safu hiyo alikuwa mgeni, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vya kanisani. Jina lake Valère, mfanyabiashara kutoka Kilwa, upande wa Kongo. Alikuwa amevuka na vitenge, akitaka kuviuza na kurudi na samaki. Ziwa lilipofungwa hakuna aliyekuwa na pesa ya vitenge, na samaki hawakuwepo. Alikuwa mjane, hakuna aliyekuwa akimngoja kwa haraka, kwa hiyo alibaki. Katongo alizungumza naye kwa Kiswahili cha sokoni, naye akajibu kwa kile cha Kongo, ambacho "lakini" ni "mais" na "ndiyo" ni "njo".

"Tata, unajua kulima?"

"Kusema kweli, mama, hapana. Mi niko mutu wa biashara. Mais njaa haiulize mutu kama anajua."

"Na kuimba?"

"Ile, njo najua."

Akafungua mdomo. Sijui nilinganishe na nini sauti ile. Ilitoka chini, ikatembea ardhini, wakaisikia kwanza kwenye nyayo. Chalwe aliacha jembe likaanguka. Katongo alisahau kwamba yeye ndiye aliyeuliza.

Kulima, kweli, hakujua. Matuta yake ya kwanza yalikuwa makubwa hata ungedhani anazika kiboko, na wenzake walipofika mwisho wa mstari yeye alikuwa bado nusu. Wakati wa hesabu Luse alisema waziwazi kwamba nusu mstari ni nusu malipo. Wote wakamgeukia Katongo.

"Sheria ni hiyo," akasema. "Lakini leo tumemaliza jua likiwa bado juu. Nani alituvuta?"

Royd, aliyekuwa amechoka kuliko siku yoyote ya kuvuta nyavu, alishika jembe lake, akarudi kwenye mstari wa Valère. Mmoja baada ya mwingine wakamfuata, na Luse akafika wa mwisho akinung'unika. Mstari ukaisha, na Valère akalipwa wote. Badala ya kushukuru kwa maneno, akawaimbia.

Habari zilienea. Wenye mashamba walianza kuitafuta kwaya badala ya kwaya kuwatafuta. Mmoja wao akawaita wanaume pembeni, akawaahidi bei ya juu wakija peke yao bila wanawake. Royd alikwenda. Kesho yake alikuwa amerudi, kichwa chini.

"Hawakukulipa?" Luse akamuuliza mbele ya watu.

"Wamenilipa. Lakini kule watu hawaimbi. Siku haiishi."

Katongo alimpa nafasi kati ya Valère na mkewe.

Mwishoni mwa mwezi wa pili mkuu wa kijiji, aliyekuwa amesikia habari za kwaya, alimgawia Katongo kipande cha ardhi nyuma ya shamba la Ba Kalumba. Hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa chake, na bado kulikuwa na wakati wa kupanda maharagwe. Aliwaita wenzake, akawaambia kwa haya kwamba yeye ni mmoja wao, labda wangempunguzia.

"Bei ya mstari ni moja kwa kila mtu," akajibu Chalwe, bila hata kutabasamu. "Na mchana tunakula bukari."

Katongo alipiga kelele ya furaha, akakaa mavumbini na kucheka hadi machozi yakamtoka. Aliwalipa wote, pesa mkononi. Siku hiyo alijaribu kusimama pembeni kama mwenye shamba, mikono nyuma, akashindwa kabla ya wimbo wa kwanza kuisha. Aliingia mstarini kati ya wafanyakazi wake.

Mwezi wa tatu ulipofika ziwa likafunguliwa. Wanaume walirudi majini siku hiyo hiyo, na soko likanuka samaki tena, tukashukuru. Valère aliuza vitenge vyake vyote, akanunua chisense, akaja shambani kuaga. Aliwapa mkono wote, na Katongo wa mwisho.

"Mama Katongo, mi nitarudia."

"Wafanyabiashara wote wanasema hivyo, tata."

"Sisemi kama mufanyabiashara."

Wanawake wakajifanya wanaangalia maharagwe.

Katongo hakumngoja, au ndivyo alivyosema. Lakini siku ya kwenda Mununga, walipokuwa wanapanda lori na mavazi yao ya kwaya, alichelewesha safari mara mbili akidai amesahau kitu. Mara ya pili Valère alitokea upande wa gati, anakimbia na viatu vyake vya kanisani mkononi. Nyuma yake alitembea mwanamke mnene, taratibu, na mwavuli. Huyo alikuwa Suzanne, dada yake mkubwa.

Mununga waliimba wakiwa na besi kamili, kwa maana Royd na wenzake pia waliacha nyavu kwa ajili ya Pasaka. Watu wa Puta na Chienge walisimama juu ya viti, wakaomba wimbo urudiwe, na Chalwe aliushika ule mwisho kwa muda mrefu hadi mchungaji akatazama saa yake. Suzanne alisikiliza bila kupiga makofi. Hakuja kwa ajili ya muziki.

Siku mbili baada ya kurudi Kashikishi, Suzanne alimketisha Katongo kwenye mkeka.

"Bon. Mudogo yangu anasema anataka kuowa. Hapo sina neno. Mais anasema pia yeye sasa ni mulimaji. Mama, miye njo nilimulea huyu mutoto. Hata mumea moja hajapanda. Amekudanganya?"

"Twende uone, dada," akasema Katongo.

Walimkuta Valère katika kile kipande cha ardhi, ameshavua shati la pasi, anapalilia maharagwe. Pembeni alikuwa amepandisha matuta mapya ya viazi vitamu, mstari ulionyooka, matuta ya kimo cha kawaida, kila moja kama jirani yake. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini na hakuwaona.

Suzanne alifunga mwavuli. Alitazama matuta, akatazama viganja vya mdogo wake, akaweka mkono mdomoni. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, kama cha Katongo kabisa, na Valère akageuka na jembe mkononi.

"Usisimame!" dada yake akampigia kelele. "Endelea, wee! Nipige foto, nitume Kilwa. Hawataniamini!"

Akatoa simu, akavua viatu, na akaingia shambani kwa miguu mitupu, akiomba aonyeshwe palipo na magugu na palipo na maharagwe ili asikanyage chakula cha wifi yake.